Uzi wa njia za vumbi: bonde la Zigi, Amani na milima ya Usambara kwa baiskeli

Kanyagio_Tanga (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam.

Nimepita nyuzi zote za baiskeli humu ndani, naona ni lami tu: Bagamoyo, Kigamboni, nani kamuacha nani. Huku Tanga tuna barabara za vumbi za kugawia watu, zinafuata mito na kupanda kwenye misitu ambayo wageni wanapanda ndege kuja kuiona, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Nafungua uzi mimi. Wenye baiskeli za changarawe (zile zenye usukani wa kukunja kama za mashindano ila tairi nene), wenye baiskeli za milimani na wenye Phoenix ya babu, wote karibuni.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa: Usambara haikushindi kwa mlima, inakushinda kwa udongo. Ukiijua mvua ilinyesha lini na wapi, safari umeshaimaliza nusu. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe haisomi kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, lakini hata Agosti unaweza kuamka umezungukwa na ukungu na barabara imelowa.

Njia ya kwanza, na ndiyo ninayompa kila anayeniuliza: Muheza hadi Amani kwa kufuata mto Zigi. Jumla ni karibu kilomita 35. Unatoka Muheza mjini asubuhi, ikiwezekana kabla ya saa moja, kwa sababu chini huku joto ni la pwani na halina huruma. Vipande vya barabara hii vimeanza kuwekwa lami, kwa hiyo msije mkanitukana mkikuta lami mahali nilipowaahidi vumbi. Njooni haraka, jamani.

Baada ya vijiji vya mwanzo unaingia shamba la miti la Longuza. Ni mitiki ya serikali, imepangwa kwa mistari, na kiangazi inapukutisha majani makubwa kama sahani. Majani hayo yanafunika barabara, yanapasuka kwa kelele chini ya tairi, na yanaficha mashimo. Hapo usiende kwa kasi hata kama njia inaonekana imenyooka. Shika usukani kwa mikono miwili, macho yawe mita kumi mbele, na ukiona majani yamelala chini kuliko ya pembeni, hapo kuna shimo.

Ukivuka Longuza hewa inabadilika, unaanza kuusikia mto. Kama kilomita 25 kutoka Muheza unafika geti la Zigi. Pale kuna nyumba ya zamani iliyokuwa stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani, reli ya kushusha mbao. Reli haipo tena, nyumba imebaki na sasa ni ya kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Simama, jiandikishe, lipia. Malipo ni kwa namba ya malipo kwenye simu, siyo kumpa mtu noti mkononi, kwa hiyo njoo na salio na chaji. Jaza maji, kula kitu. Mpaka hapo ulikuwa unapasha miguu.

Kutoka Zigi hadi Amani ni kama kilomita 9, na unapanda kutoka mita 450 hivi hadi karibu 900 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: wastani wa mita 5 kwa kila mita 100. Siyo ya kutisha. Tatizo ni kwamba wastani unadanganya. Kuna kona zinazokunja kama kiwiko, na ndani ya kona mwinuko unakuwa mara mbili, halafu maji ya mvua yamekata mfereji palepale ambapo ungependa kupitisha gurudumu. Pita upande wa nje wa kona, ni mrefu zaidi lakini una udongo mgumu. Usisimame juu ya pedali: ukisimama, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuanza kuzunguka bure. Kaa, inama, gia ndogo, pumua.

Na msitu umekufunika juu. Jua halifiki chini, ndiyo raha yake na ndiyo shida yake: mvua ya juzi bado iko barabarani leo.

Juu Amani kuna taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa utafiti wa kilimo, pamoja na bustani ya miti kutoka karibu kila pembe ya dunia. Baadaye Waingereza wakaiendeleza, halafu ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997. Nyumba za zamani bado zipo katikati ya miti, na pa kulala pia pamo. Mimi nashauri kulala. Wanaopanda na kushuka siku hiyohiyo wanakosa sehemu tamu, ambayo ni siku ya pili kule juu: kuelekea Kwamkoro kwenye chai, au Monga na Bulwa upande mwingine. Barabara za chai ni ngumu, hazina milima mirefu, ni kupanda kidogo na kushuka kidogo, chai upande huu, msitu upande ule. Katikati unakutana na watu wameanika karafuu na iliki kwenye mikeka pembeni ya barabara. Mwenye mkeka hataki gurudumu lipite juu, na yuko sahihi.

Nikipata nafasi nitaandika bonde la Lwengera. Karibuni.

---

mtazamaji77 #2

Naweka kiti mbele kabisa. Picha ziko wapi mleta uzi?

---

Boksa_Moja #3

Kwa hiyo mtu anatoa milioni tatu, nne, ananunua baiskeli, halafu anaenda kuteseka mlimani kwa hiari yake? Si uongeze kidogo upate boksa, upande umekaa? Nyie watu wa mjini mna raha.

---

Kanyagio_Tanga #4

Mkuu Boksa_Moja, umenichekesha. Hakuna aliyesema milioni nne. Baiskeli ya mtumba ya milimani, chuma, tairi za inchi 26, inapanda Amani vizuri kuliko hizo za bei mbaya zenye gia za kukimbilia lami. Na wanaopanda mlima ule kila wiki kwa Phoenix iliyobeba mkungu wa ndizi hawajawahi kufungua uzi kulalamika. Wanaisukuma tu.

---

FundiSpoku #5

Mleta uzi kaongea vizuri ila kasahau kitu kinachowalaza watu porini, nacho ni mpira. Mimi ni fundi, naona wateja.

Hizi baiskeli mpya za changarawe nyingi ni rimu ya 700, ile ya kipimo cha milimita 622. Phoenix na ndugu zake za "28" ni milimita 635. Kwa macho zinafanana. Mtu anapasua tairi huko kijijini Kisiwani, anakwenda dukani, anauziwa tairi ya Phoenix, anakuja nayo anashangaa inacheza kwenye rimu. Milimita 13 hizo, hata ukiifunga kwa kamba haikai. Kwa hiyo TAIRI ya akiba beba yako, au angalau kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani ikichanika ubavuni.

Chubu ni habari nyingine. Chubu ya 28 inaweza kuingia ndani ya tairi ya 700 na ikakufikisha nyumbani, inanyooka. Lakini angalia tundu la rimu! Chubu za madukani kwetu zina vali nene, inataka tundu la milimita 8. Rimu zenu nyingi zimetobolewa kwa vali nyembamba, milimita 6 na kidogo. Haipiti. Nimeshaletewa rimu nzuri ya bei kubwa nitoboe kwa drili, nikakataa, nikamwambia mwenyewe aamue. Suluhisho: beba chubu zako mbili, solusheni, viraka na pampu. Solusheni ikae kwenye mfuko wa nailoni, ikikauka huna kitu.

Wale wa tairi zisizo na chubu, zenye dawa ndani: sawa, mwiba hauwasumbui. Ila dawa ikiisha mnakuja kwetu na sisi hatuna. Bebeni chubu pia.

Breki. Kama unanunua leo na safari zako ni za huku, chukua diski za kuvutwa na waya. Waya wa breki unapatikana hadi kijijini kwa fundi wa chini ya mwembe. Za mafuta zikivuja Amani, unashuka kwa miguu.

---

Zulfa_wa_Maji #6

Asante FundiSpoku, hii ya tundu la vali sikuijua kabisa, nimeenda kuangalia yangu sasa hivi. Nyembamba.

Swali kwa mleta uzi na wenyeji. Sisi ni wanawake watatu, tunaendesha Dar kila Jumamosi, tunataka kuja huko mwezi wa saba. Usalama ukoje? Na nguo, maana vijijini na hizo suruali za kubana... semeni ukweli.

---

Mbondei_Asilia #7

Dada Zulfa karibu Muheza. Mimi ni wa hapahapa. Njia ya Zigi ina watu muda wote, pikipiki, gari za abiria, watoto wa shule, huwezi kukaa nusu saa hujasalimiwa. Tatizo lako litakuwa kujibu salamu huku unahema. Nguo: vaeni hizo za kubana ndani, juu mfunge khanga au kaptula pana. Mkisimama kijijini mnakuwa na heshima yenu, mkianza kupanda mnaifunga kwenye usukani. Msikitini na kwenye mabaraza ya wazee shukeni mtembee, ni adabu tu.

Msituni usiingie vijia vya pembeni bila mtu wa hifadhi. Siyo kwa ajili ya majambazi. Unapotea, na simu mtandao unakatika ukishaingia kwenye mabonde.

Na msiwasikilize Wasambaa watakaokuja humu kusema kwao ndiko kuzuri. Wale watani zetu wanauza viazi, hawajui mambo.

---

Shekulwavu #8

Nimeitwa? Nimekuja.

Mbondei, utani pembeni. Mleta uzi kaandika kichwa cha habari "milima ya Usambara" halafu kaishia Amani, kwenye vilima vya mita 900. Huo ni mlango. Nyumba yenyewe ni Lushoto.

Sikilizeni. Mombo hadi Lushoto ni lami, kama kilomita 33, inapanda kwa kufuata korongo la mto hadi Soni kwenye maporomoko, halafu Lushoto iliyoko kama mita 1,400. Ni lami nyembamba, kona nyingi, magari ya abiria yanakimbia kama yameibwa. Ukiweza pakia baiskeli kwenye gari hadi Lushoto, usipoteze miguu yako hapo.

Kutoka Lushoto mjini unapanda Magamba. Kipande hicho kifupi lakini kinakaba, na ukifika juu unaingia msitu wa Hifadhi ya Magamba: miti mirefu, baridi, hata mchana unataka koti. Kuanzia hapo unaelekea Lukozi, na hapa ndipo baiskeli ya changarawe inapojilipa. Mashamba ya viazi, kabichi na karoti yamepangwa kwa matuta hadi mlima unaonekana umesukwa. Vumbi jekundu, barabara pana, unateremka na kupanda, unateremka na kupanda.

Tahadhari moja kubwa: fuso za mboga. Zinapakia Lukozi kwenda Dar, zinatembea zimejaa, na kwenye kona dereva anachukua barabara nzima kwa sababu hana njia nyingine. Ukisikia honi ndefu kabla ya kona, hiyo ni lugha. Maana yake toka. Simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, kingo za upande wa bonde zinaliwa na maji chini kwa chini na juu zinaonekana nzima.

Mbele ya Lukozi njia zinagawanyika. Ukichukua ya Mlalo unashuka kwenye bonde kubwa la duara, nyumba zimejaa pembeni, Mlalo yenyewe ni mji wa zamani wenye misheni ya Walutheri tangu 1891. Ukichukua ya Mtae unatembea juu ya mgongo wa mlima mpaka mwisho, na mwisho ni mwisho kweli: ardhi inakatika, chini yako ni tambarare za Mkomazi. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni zaidi ya kilomita 60. Usijidanganye kwamba utakwenda na kurudi siku moja.

Sasa kuhusu udongo nakubaliana na mleta uzi nusu. Kwenu Amani msitu unazuia jua, matope hayakauki. Kwetu upande wa Mtae mlima unatazama nyika, upepo mkavu unapanda. Mvua ikinyesha usiku, saa sita mchana unaendesha kwenye vumbi. Kwa hiyo mwenye likizo ya siku chache, asiyejua hali ya hewa, aje kwetu. Amani ni ya mtu mwenye muda wa kusubiri.

---

Kanyagio_Tanga #9

Shekulwavu, hongea. Umeandika vizuri hadi nimeshindwa kukupinga kwa hasira. Ila umenithibitishia hoja yangu mwenyewe: umechagua njia kwa udongo.

Moja tu nakataa. Ukishasema "mita 900 ni vilima" unasahau kwamba mtu wa Amani anaanzia chini kabisa, kwenye joto na jasho la Muheza. Mtu wa Lushoto umemshauri apakiwe kwenye gari hadi mita 1,400. Nani kapanda mlima hapo?

---

Shekulwavu #10

Hahaha. Hiyo umenipata.

---

Eldy_254 #11

Habari zenu watu wa Tanga, naandika kutoka Eldoret. Huku kwetu tuna bonde la Kerio, na mlima wa kutoka Kimwarer kule bondeni hadi Nyaru, kilomita 21 za kupanda tu, wakimbiaji huutumia kwa mazoezi. Kwa hivyo kupanda si shida kwangu. Nataka kujua gia. Baiskeli yangu ina meno 40 mbele, moja tu, na nyuma kubwa ina 36. Itatosha kwa hizo kona za Zigi?

---

FundiSpoku #12

Eldy, 40 gawa kwa 36 ni 1.11. Gurudumu lako likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakwenda mita 2.4. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unatakiwa uwe unakwenda karibu kilomita 9 kwa saa. Kwenye kona ya mwinuko mkali, udongo umelegea, una mzigo, hutafika 9. Utakanyaga mizunguko 40, magoti yatalia.

Kanuni ya sisi mafundi kwa njia za huku: meno ya gia kubwa ya nyuma yasiwe machache kuliko ya mbele. Badilisha ya mbele uweke 34 au 32, ni rahisi kuliko kubadilisha nyuma yote. Kwenye lami utalalamika kwamba miguu inazunguka haraka. Lalamika.

---

Eldy_254 #13

Nimeelewa kabisa. Na upana wa tairi?

---

Kanyagio_Tanga #14

Milimita 40 kwa kiangazi ni sawa, 45 ni bora, hasa kwenye mawe ya barabara za chai. Upepo usijaze kama wa lami. Mtu wa kilo 70 na tairi ya 45 isiyo na chubu, pauni 30 hadi 35 zinatosha. Mwenye chubu aongeze kidogo, la sivyo akigonga jiwe chubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili pacha.

Ila msikimbilie tairi pana bila kuangalia nafasi kati ya tairi na foku. Huu udongo mwekundu ukilowa unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye foku na kwenye uma wa nyuma, gurudumu linasimama kabisa. Unaona mtu kabeba baiskeli begani na baiskeli ina uzito mara mbili. Nafasi ya kidole kimoja kila upande ndiyo ya chini kabisa. Madgadi ndefu za mjini toa. Na uwe na kijiti kwenye kikapu au mfukoni, cha kukwangulia. Maji usitumie mapema, ukimwagia udongo uliokauka nusu unautengeneza uji.

Ikitokea umekamatwa na mvua katikati ya Zigi na Amani, usiendeshe katikati ya barabara ambako magari yamekanda. Pita pembeni kabisa kwenye majani, taratibu, hata kwa kusukuma. Au kaa kwa mtu barazani usubiri, chai utapewa.

---

Zulfa_wa_Maji #15

Na kushuka je? Mimi kupanda siogopi, naogopa kushuka.

---

Kanyagio_Tanga #16

Swali zuri dada, na watu wengi hapa hawaulizi kwa aibu.

Breki zisikamatwe mfululizo. Zinachemka, zinapoteza nguvu, na mikono inakufa ganzi. Kamata kwa nguvu sekunde mbili kabla ya kona, punguza kweli, halafu achia upite kona bila breki. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, lakini kwenye majani mabichi na mawe yaliyolowa iguse kwa kidole kimoja tu. Makalio nyuma ya siti kidogo, mikono kwenye sehemu ya chini ya usukani, ndiyo sababu usukani umekunjwa. Wenye breki za mpira wa rimu waangalie mpira kabla ya kuondoka Amani, tope lenye mchanga linaula kwa siku moja.

Na muda. Shukeni asubuhi kabla gari za abiria hazijapanda, au baada ya saa tatu zikishapita. Ukungu ukiwa mzito washa taa ya mbele hata mchana.

---

TangaMaji #17

Mimi sina baiskeli ila nimesoma uzi wote. Niwakumbushe tu wanaopita huko: Zigi ni bomba letu. Mto huo ukishuka unaingia bwawa la Mabayani, na maji ya Tanga mjini yanatoka pale. Mkioshea baiskeli mtoni na mafuta ya cheni, tunakunywa sisi. Kule juu kuna wakulima wamejiunga kwenye umoja wao, UWAMAKIZI, wanaacha kulima kingo za mto ili maji yabaki safi. Msije nyie wageni mkaharibu kwa wikiendi moja.

---

Kanyagio_Tanga #18

Umesema kweli mkuu. Osheni vijijini kwa ndoo, mbali na kijito, mlipe mwenye ndoo.

Haya, Lwengera kama nilivyoahidi. Hii ni bonde lenyewe hasa, lile linalotenganisha Usambara ya Mashariki na ya Magharibi. Mnaanzia Korogwe, ambako mto Lwengera unaungana na Pangani, mnaelekea kaskazini: Magoma, halafu Mashewa. Milima kushoto, milima kulia, nyinyi katikati kwenye tambarare. Mkonge, mahindi, mashamba ya mpunga kwenye maeneo yenye maji. Kupanda ni kidogo sana, kwa hiyo anayeanza baiskeli ya changarawe aanzie hapa, asianzie Amani.

Ubaya wake ni joto na mawimbi ya barabara. Malori yamekanda vumbi likawa matuta madogo madogo yanayofuatana, meno yanagongana mdomoni. Tafuta msitari mwembamba ukingoni ambako baiskeli na watembea kwa miguu wamelainisha. Wenyeji wameshakutengenezea njia, ifuate. Kivuli ni kidogo, maji beba lita tatu angalau, na madafu na matunda mtayakuta vijijini. Masika bonde hili linajaa, usijaribu. Mwiba pia ni mwingi kuliko mlimani.

Wanaotaka kuunganisha milima miwili: kutoka Korogwe kuna barabara inayopanda Dindira, Bumbuli hadi Soni, zaidi ya kilomita 70. Kupanda ni kwingi na kwa ghafla, lakini ukifika kwenye chai ya Bumbuli unasamehe. Jirani na hapo kuna Mazumbai, msitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, moja ya misitu iliyobaki karibu kama ilivyokuwa. Kuingia omba ruhusa kwanza. Kwa hiyo mpango wa mtu mwenye wiki nzima: Muheza, Amani, kurudi Muheza, gari hadi Korogwe, Lwengera siku moja bila mizigo, halafu Dindira, Bumbuli, Soni, Lushoto, Mtae. Mkishuka kutoka Amani kwenda magharibi moja kwa moja mtakutana na vijia vya miguu na pikipiki. Bila mwenyeji msijaribu na mizigo.

---

Shekulwavu #19

Hapo kwenye Bumbuli umenigusa. Mwongeze wapige simu kwa mtu wa Bumbuli siku moja kabla. Udongo wa pale ukilowa ni sabuni. Na Mtae waje na koti, usiku wa mwezi wa saba wanaotoka Dar wanalia.

---

Boksa_Moja #20

Mimi nilikuja kucheka ila sasa naulizia. Ukiwa na ile ya mtumba ya inchi 26, inachukua gia gani? Naulizia rafiki yangu.

---

FundiSpoku #21

Rafiki yako mwambie nyingi zina duara tatu mbele, ile ndogo kabisa ina meno 22 au 24. Nyuma kubwa 28 au 32. Ni gia ndogo kuliko za hao wenye mamilioni. Akague mambo matatu kabla hajatoa hela: shina la usukani lisicheze, spoku zigongwe kwa kidole zilie sauti inayofanana, na fremu ichunguzwe kutu sehemu zilizounganishwa, hasa chini kwenye pedali, maana nyingi zimekaa baharini na pwani muda mrefu. Tairi na chubu za 26 zinapatikana kila kijiji. Ndiyo maana mimi mwenyewe naendesha hiyo.

---

Zulfa_wa_Maji #22

Tumekaa kikao jana, tumekubaliana Julai, Muheza na Amani tu, Mtae mwakani. Swali la mwisho: basi kutoka Dar. Mara ya mwisho kondakta wa basi moja alitutoza nauli ya baiskeli sawa na ya mtu, na bado akazilaza chini ya magunia, ya mwenzangu ikapinda kile kichuma cha kushika gia.

---

Mbondei_Asilia #23

Dada, patana bei kabla ya kukata tiketi na iandikwe kwenye tiketi. Fungua magurudumu yote mawili, geuza usukani uende sambamba na fremu, funga kwa mpira wa baiskeli kuukuu, halafu upande wenye gia uangalie juu. Kile kichuma kina boliti moja, kifungue kabisa ukifunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Mkishuka Muheza nijulisheni humu, FundiSpoku yuko karibu na stendi, atazipanga.

---

FundiSpoku #24

Nipo. Ila msije saa sita siku ya gulio, foleni ya Phoenix inafika barabarani.